Neva Haioni Mwanga: Jeli Inavyochorwa kwa Taa Ili Seli ya Neva Ipate Njia

Kila zinapotoka habari kwamba watafiti "wameotesha neva kwa mwanga", maswali yanayofuata huwa yaleyale. Je, aliyepooza akae juani? Je, zile taa nyekundu zinazouzwa kwa maumivu ya misuli zinafanya kazi hiyo? Je, mwanga wa simu usiku unachochea ubongo? Wanaouliza hawana kosa. Kosa liko kwenye vichwa vya habari vinavyosema kwamba mwanga unakuza neva, wakati katika sehemu kubwa ya utafiti huu mwanga hauigusi neva kabisa. Unachobadilisha ni jeli laini inayoizunguka. Neva huipapasa ile jeli na kufuata inachokikuta.

Kwa hiyo tuanze na neva yenyewe, kisha jeli, halafu ndipo tuwashe taa.

Ncha inayopapasa

Seli ya neva ina mwili, matawi mafupi ya kupokea ishara yaitwayo dendraiti, na mkia mmoja mrefu wa kupeleka ishara mbali, uitwao aksoni. Aksoni inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo hadi kwenye unyayo wa mtu mzima inaweza kufika karibu mita 1, ilhali unene wake ni maikromita chache tu. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko aksoni nyingi kwa mara kumi au zaidi. Kile kinachoitwa "neva" mkononi au mguuni ni fungu la maelfu ya aksoni zilizofungwa pamoja ndani ya ala, kama nyaya ndani ya bomba moja.

Aksoni inapokua, kazi yote iko kwenye ncha yake. Mwaka 1890 Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza ncha hiyo na kuiita koni ya ukuaji. Ni kama kiganja chenye vidole vyembamba vinavyonyooka na kurudi muda wote. Kidole kikigusa mahali panaposhikika, hushika na kuivuta aksoni mbele. Kikigusa panapoteleza, au penye protini ya kufukuza, hurudi nyuma na ncha nzima hugeuka. Mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta hufanya vivyo hivyo: haoni mwisho wa njia, ila kila hatua humwambia aweke wapi inayofuata.

Ncha hiyo husoma mambo manne. La kwanza ni kama mahali panashikika. Hapa protini iitwayo laminini ndiyo inayopendwa zaidi. La pili ni ugumu: tishu ya ubongo ina ugumu wa takriban kilopaskali 1 au pungufu, wakati sahani ya plastiki ya maabara ni ngumu kuliko hiyo kwa zaidi ya mara milioni. La tatu ni kemikali zinazosambaa kama harufu, mfano protini ya kuchochea ukuaji wa neva iitwayo NGF, ambayo iliwapatia Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobel mwaka 1986. La nne ni umbo la njia, kama mfereji, ukuta au kona.

Mwanga haumo kwenye orodha hiyo. Mmea hupinda kuelekea dirishani kwa sababu una protini za kuhisi mwanga. Koni ya ukuaji ya kawaida haina kifaa cha namna hiyo.

Kwa nini isiachwe ikue yenyewe?

Neva ya mkono au mguu ikikatwa, kipande kilicho mbali na uti wa mgongo hufa na kusafishwa. Augustus Waller alilionyesha hilo mwaka 1850. Kipande cha juu hubaki hai na kuanza kuota upya, kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku. Fanya hesabu: jeraha likiwa sentimita 60 kutoka kwenye misuli ya kiganja, ni siku 600. Misuli nayo haingoji. Isipopata neva kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, huanza kupoteza uwezo wa kuipokea hata ikifika. Kila siku ambayo aksoni inapotea njia, inakatwa kwenye muda huo.

Nazo hupotea kweli. Daktari akishona ncha mbili za neva, aksoni iliyokuwa ikienda kwenye misuli inaweza kuingia njia ya ngozi, na ya ngozi ikaenda kwenye misuli. Zote zimekua vizuri, na mgonjwa bado hawezi kukunja kidole. Pengo likiwa kubwa, daktari huchukua neva ya mguuni kwa mgonjwa yuleyule na kuipandikiza, na eneo ilikotolewa hubaki na ganzi. Mirija mitupu ya kolajeni au ya polima hutumika badala yake kwa mapengo mafupi. Pengo likikaribia sentimita 3, mrija mtupu huwa hautegemewi tena, kwa kuwa ndani yake hakuna cha kupapasa.

Ubongoni na kwenye uti wa mgongo hali ni ngumu zaidi. Ala ya mafuta inayozunguka aksoni ina protini za kuzuia ukuaji, na kovu linaloziba jeraha nalo huzuia. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo walionyesha kwamba aksoni za mfumo mkuu wa neva huweza kukua sentimita kadhaa zikiwekewa daraja la neva ya pembeni, yaani ya nje ya ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo uwezo upo ndani ya seli. Kinachokosekana ni ardhi ya kuuruhusu. Nyenzo hizi zinajaribu kuitengeneza ardhi hiyo.

Jeli, na maana ya kuitikia mwanga

Bayomateriali ni nyenzo iliyoandaliwa ikae na chembe hai bila kuzidhuru. Aina inayotumika zaidi kwa neva ni haidrojeli, yaani wavu wa nyuzi za polima ulioshika maji. Mara nyingi zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji, na ndiyo maana inakaribia ulaini wa ubongo. Nyuzi zinaweza kuwa jelatini, asidi ya hialuroniki, agarosi, au polima ya viwandani iitwayo PEG. Zinapofungwa zaidi pamoja jeli hukaza; zikifunguliwa hulegea.

Kuitikia mwanga maana yake ni kwamba kwenye nyuzi hizo kuna molekuli ambazo rangi fulani ya mwanga huzibadilisha. Aliyewahi kuzibwa jino ameuona mfano: daktari hupaka uji laini, humulika taa ya bluu kwa sekunde chache, na uji huganda palepale ulipomulikwa. Jeli za neva zinatumia wazo hilohilo, ila mwanga ukiigusa jeli unaweza kufanya mojawapo ya kazi tatu.

Unaweza kugandisha. Dawa ya kuanzisha, kama ile iitwayo LAP, hupokea mwanga wa nanomita 365 au 405 (nanomita hapa hupima urefu wa wimbi, yaani rangi ya mwanga), hupasuka na kuzifunga nyuzi pamoja.

Unaweza kukata. Kundi la kemikali la nitrobenzili huwekwa katikati ya uzi. Likipata mwanga wa urujuanimno, huvunjika na jeli hulegea au kuyeyuka mahali hapo. Mwaka 2009 April Kloxin, Kristi Anseth na wenzao wa Chuo Kikuu cha Colorado walionyesha jeli inayoweza kulainishwa na kuchimbwa mifereji kwa njia hii huku seli hai zikiwa ndani yake. Kundi hilohilo linaweza pia kutumika kama kifuniko. Mwaka 2004 Ying Luo na Molly Shoichet wa Toronto walitumia agarosi ambayo sehemu zake za kushikia peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zilikuwa zimefunikwa. Leza ilipita ndani ya jeli ikifunua nguzo nyembamba tu, peptidi ya kushikisha seli ikanasa humo, na seli za neva zikakua ndani ya nguzo hizo bila kuingia kwenye jeli ya kando. Kwangu jaribio hili ndilo linaloeleza taaluma nzima vizuri zaidi, maana ndani ya nguzo na nje yake jeli ni ileile. Tofauti pekee ni mahali mwanga ulipopita.

Tatu, mwanga unaweza kugeuza na kurudisha. Azobenzini hukunjika kwa urujuanimno na kunyooka kwa mwanga wa bluu au joto. Protini ya mimea iitwayo LOV2 hubadili umbo kwa mwanga wa bluu na kurudi yenyewe gizani. Kwa hizi jeli inaweza kukazwa na kulegezwa mara nyingi, jambo ambalo kukata hakuruhusu: kilichokatwa hakijishoni.

Kuna kundi la nne ninalolitaja kwa kifupi, kwa kuwa hilo halichori njia. Polima kama P3HT hunyonya mwanga na kuzalisha chaji ndogo za umeme kwenye uso wake. Seli ya neva iliyokaa juu yake huhisi chaji hizo. Kifaa cha retina kilichotengenezwa kwa P3HT kimejaribiwa kwa panya vipofu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini itumike taa wakati joto na kemikali zipo. Joto na kemikali husambaa. Mwanga huelekezwa mahali pamoja na kuzimwa wakati unaotakiwa. Leza ya mipigo mifupi ya rangi karibu na infraredi huweza kubadilisha nukta ya maikromita chache katikati ya jeli bila kugusa iliyo juu wala chini yake, na hicho ndicho kipimo cha koni ya ukuaji yenyewe.

Njia moja inavyotengenezwa, na inavyoharibika

Mfano rahisi wa maabara ni mfereji laini katikati ya kuta ambazo aksoni haiwezi kuzipenya. Kuta ni za PEG yenye akrilati (vishikizo vya kemikali vinavyoungana ikimulikwa), asilimia 10 kwenye maji ya chumvi yenye bafa, pamoja na LAP asilimia 0.1. Kioo cha chini hupakwa kwanza silani yenye metakrilati, ili jeli ishikane nacho kikemikali. Mchanganyiko humiminwa kwa kina cha nusu milimita hivi, kisha hufunikwa kwa karatasi angavu yenye mchoro mweusi pale mfereji utakapokuwa. Taa ya nanomita 405 yenye nguvu ya miliwati 10 kwa kila sentimita mraba, ikiwashwa sekunde 30, hutoa dozi ya milijuli 300 kwa sentimita mraba. Kipimo hicho ni cha kuanzia tu. Kila taa na kila PEG hudai majaribio yake.

Palipo chini ya mchoro mweusi hubaki majimaji, ambayo huoshwa. Jeli huachwa kwenye maji ya chumvi usiku kucha na maji hubadilishwa mara kadhaa, kwa kuwa akrilati isiyoganda ni sumu kwa seli. Kisha fundo la seli za neva za hisia, mara nyingi kutoka kiinitete cha kuku, huwekwa mwanzoni mwa mfereji. Mfereji hujazwa kolajeni laini yenye laminini, na NGF huongezwa, kwa kawaida nanogramu 50 kwa mililita. Ndani ya saa 24 hadi 48 nyuzi huanza kuonekana zikitambaa mferejini.

Kuta huzizuia kwa sababu mbili. Protini hazinati kwenye PEG, hivyo hakuna cha kushika. Tena matundu ya wavu wake ni ya nanomita chache, wakati ncha ya aksoni ni ya maikromita.

Sasa yanayoharibika, maana hapo ndipo wiki nyingi hupotelea. Dozi ikizidi, mwanga unaopenya pembeni mwa mchoro hugandisha utando mwembamba ndani ya mfereji. Kwa darubini ya kawaida utando hauonekani, ila aksoni husimama ghafla kama zimegonga kioo. Dawa yake ni kumwaga rangi au chembe zinazong'aa mferejini kabla ya kuweka seli na kuangalia kama zinafika mwisho. Karatasi ya mchoro ikiwa imeinuliwa juu ya majimaji hata milimita moja, kingo hufifia kwa jinsi ileile kivuli cha mkono kinavyofifia ukiuinua kutoka ukutani.

Dozi ikipungua, kuta huwa tepetepe na kubanduka. Oksijeni ya hewani nayo huzuia kuganda, ndiyo maana uso wa juu hubaki unanata; kufunika kwa kioo husaidia. PEG pia huvimba ikikaa majini. Mfereji uliochorwa maikromita 200 hutoka mwembamba kuliko hapo, kwa hiyo mchoro hufanywa mpana makusudi.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni lile linalotoa picha nzuri. Jeli isiposhikana vizuri na kioo, hubaki mwanya mdogo sana chini ya ukuta, na aksoni hupenda sana mianya. Zitanyooka sawasawa, picha itapendeza, na mtafiti atasifu jeli yake ilhali aksoni zinapita chini yake. Ni lazima picha ipigwe kwa tabaka, kutoka chini hadi juu, ili ijulikane nyuzi ziko kimo gani.

Pale ambapo seli humulikwa moja kwa moja huja tatizo jingine. Majimaji ya kukuzia seli huwa na vitamini ya riboflavini. Ikipigwa na mwanga wa bluu, hutengeneza haidrojeni peroksaidi inayoua seli za neva. Mtu anaweza kudhani jeli yake ni sumu, kumbe ni chakula cha seli. Huwekwa majimaji yasiyo na riboflavini wakati wa kumulika. Na jaribio lisilo na vikundi vya kulinganisha halina maana: jeli hiyohiyo gizani, na mwanga huohuo kwenye jeli isiyoitikia. Bila hivyo hakuna anayeweza kusema ni mwanga, ni joto la taa, au ni bahati.

Kutoka sahani hadi mwilini

Kikwazo kikubwa ni mwili wenyewe. Weka kiganja mbele ya taa kali gizani: kingo za vidole hung'aa nyekundu. Rangi nyingine zimenyonywa na damu au kutawanywa na nyama. Mwanga wa nanomita 365 au 405, ule unaotumika zaidi kwenye jeli hizi, hupungua sana kabla ya kupita milimita 1 ya tishu. Mwekundu na ule wa karibu na infraredi, takriban nanomita 650 hadi 950, huenda ndani zaidi, ila hauna nishati ya kuvunja moja kwa moja vifungo vingi tulivyovitaja.

Njia moja ya kulizunguka hilo ni chembe ndogo sana za madini adimu zinazopokea infraredi na kutoa bluu au urujuanimno palepale zilipo. Nyingi huwashwa kwa nanomita 980, rangi ambayo maji huinyonya, kwa hiyo tishu hupata joto. Zile za nanomita 808 hupunguza shida hiyo. Njia nyingine, ambayo naiona ya karibu zaidi kutekelezeka, ni kumulika wakati jeraha liko wazi mbele ya daktari, au kuchora njia zote kwenye jeli kabla haijapandikizwa.

Tatizo la pili ni urefu. Majaribio mengi ya panya hutumia pengo la milimita 10 kwenye neva kubwa ya mguu. Panya pia huotesha neva haraka kuliko mtu, na umbali wa kufika kwenye misuli ni mfupi. Kufaulu hapo ni hatua ya kweli, ila hakumwambii mtu mwenye pengo la sentimita 5 begani kwamba dawa imepatikana.

Sasa turudi kwenye yale maswali. Jua na taa nyekundu havichori njia yoyote, kwa kuwa ndani ya mwili hakuna jeli ya kuchorwa. Utafiti kuhusu taa nyekundu na maumivu ni somo jingine, lenye vigezo vyake. Mwanga wa simu nao hauoteshi neva ubongoni, kwa kuwa huko pia hakuna jeli ya kubadilisha. Na ile habari ya mwaka 2021 ya mtu kipofu aliyeanza kutambua vitu mezani kwa msaada wa mwanga ilikuwa optojenetiki: jeni ya protini inayohisi mwanga iliingizwa kwenye seli za jicho, na seli zenyewe ndizo zikaanza kuitikia. Huko hubadilishwa seli. Kwenye bayomateriali hubadilishwa mazingira, na jeni haiguswi.

Upo pia ukweli mmoja ambao unaweza kuonekana kupinga niliyosema. Mwaka 2002 kundi la mwanafizikia Josef Käs lilielekeza koni ya ukuaji kwa leza ya infraredi moja kwa moja, bila jeli ya kuitikia. Lakini leza hiyo ilikuwa imekazwa kwenye ukingo wa ncha moja chini ya darubini, na haielezwi kwamba seli iliuona mwanga. Ni mbinu ya kuvutia, isiyofaa kwa maelfu ya aksoni ndani ya mkono.

Kilichokwisha kuvuka hadi hospitalini ni kidogo, ila kipo. Mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa cha kampuni ya Ufaransa Tissium kinachounganisha ncha za neva ya pembeni bila kushona, kwa polima inayoganda ikimulikwa. Hapo mwanga hufunga tu ncha mbili zilizokutana. Kazi ya kuichorea kila aksoni njia yake ndani ya pengo bado inaendelea kwenye sahani za maabara na kwa wanyama. Kwa hiyo habari ijayo ikitoka, tafuta ndani yake urefu wa pengo, rangi ya mwanga, kina ulichopita, na kama misuli ilirudi kufanya kazi au nyuzi zilionekana tu kwenye picha.